Tunda imekwisha kutoa jibu: Kibombo inataka waganga bingwa, haitaki mabango

Kwa vijana wenzetu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Kwa wale wa Kibombo na Tunda. Na kwa ninyi wana-Maniema wote mnaotusoma toka Kinshasa, Kisangani, Goma na Lubumbashi.



Tunaanza na mtoto mmoja. Mmoja wetu alipeleka mdogo wake ku kituo cha afya. Mtoto alikuwa na homa, na vipele vilijaa usoni, mikononi mpaka chini ya nyayo. Muuguzi alikuwa peke yake siku ile. Akaangalia, akasema: "Hii ni tetekuwanga, itapita." Akamlaza pamoja na watoto wengine, chumba kimoja, vitanda vimekaribiana. Baada ya siku tano mkubwa wake akarudi toka safari, akasema hapana, hii inaonekana ni mpox. Wakachukua sampuli, ikaenda. Mdogo wetu alipona. Lakini binti wa miezi minane aliyekuwa kitanda cha pembeni alirudi pale baada ya wiki mbili na vipele mwili mzima, na hakutoka tena akiwa hai. Majibu ya sampuli tunayangoja mpaka leo. Mama ya yule binti akituona sokoni anatuuliza: "Wanangu, ninyi mulisoma. Mtoto wangu alikufa na nini?"

Tuko na diplome. Tuko na simu zenye intaneti. Jibu la yule mama hatuna.

Jina la kituo hatulitaji, na yule muuguzi hatumshitaki. Alikuwa na karatasi moja iliyobandikwa ukutani yenye picha za vipele, na jua lilikuwa limekwisha kuifuta. Hakuna mtu aliyewahi kukaa naye akamwonyesha kwa macho tofauti ya tetekuwanga na mpox. Tunashitaki wale walioamua kwamba mtu kama yule, katika teritwari kama yetu, anaweza kupigana na ugonjwa wa dunia nzima kwa karatasi ya ukutani.

Leo tuko na neno moja tu la kusema. Kwenye mlipuko, kinachookoa watu ndani ya hospitali ni watu wanaoujua ugonjwa na wanaokaa karibu na kitanda. Waganga bingwa wa magonjwa ya kuambukiza, na timu waliyoifundisha. Na hii hatukuisoma Ulaya. Ilionekana hapa kwetu, Tunda, ndani ya teritwari ya Kibombo. Dunia ilisoma ile habari. Wakubwa wetu wakaipita sawa vile treni ya SNCC inavyopita mtu aliyechelewa ku gare.

TUNDA ILIONYESHA NINI?

Wengi wenu hamjui, juu hakuna aliyewaambia. Oktoba 2022, INRB, ile maabara ya taifa ya Profesa Muyembe, pamoja na taasisi ya Marekani inayoitwa NIAID, walianza utafiti uliopewa jina PALM007. Walitaka kujua kama dawa inayoitwa tecovirimat inaponya mpox ya aina ya kwetu. Walichagua sehemu mbili tu katika Kongo nzima: Kole, huko Sankuru, na Tunda, hapa Maniema. Wakapokea wagonjwa 597, wakubwa na watoto. Wengine walipewa dawa, wengine walipewa vidonge vya mfano visivyo na dawa ndani, na hakuna mgonjwa aliyejua amepewa gani. Wote walilazwa hospitalini siku 14 au zaidi.

Agosti 2024 majibu yakatoka. Dawa haikufupisha ugonjwa. Aliyeipata na asiyeipata, vipele vyao vilikauka kwa muda uleule. Watu wengi walisikia habari hiyo tu: "Dawa imeshindwa." Wakafunga simu.

Kumbe habari kubwa ilikuwa mstari unaofuata. Katika wale 597, waliokufa walikuwa asilimia 1.7, wenye dawa na wasio na dawa sawasawa. Wakati huo, katika wagonjwa wote walioandikwa nchini, waliokuwa wanakufa walikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Piga hesabu pamoja nasi: katika wagonjwa 1000, kwingine wanazikwa 36, na kwa hesabu ya Tunda na Kole wanazikwa 17. Watu 19 wamebaki hai, na dawa mpya haihusiki.

Nini kiliwaokoa? Watafiti wenyewe walisema: wagonjwa walilazwa na wakahudumiwa vizuri. Walikuwa na maji mwilini, walikula, vidonda vilivyoingia uchafu vilitibiwa, na kulikuwa na macho ya watu wanaojua, yanayomwangalia kila mmoja kila siku. Mtu anaweza kusema kwamba hesabu hizo mbili hazifanani kabisa, juu aliyefika hospitalini si sawa na aliyebaki kijijini. Ni kweli. Lakini basi tumuulize: huyo aliyebaki kijijini, angefuata nini hospitalini kama anajua hakuna anayeujua ugonjwa wake?

Utafiti una siku ya kuanza na siku ya kuisha. Feza zake zina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kufunga mfuko. Mwanzo wa 2025 wote tuliona Marekani ilivyosimamisha misaada yake kwa siku moja, na miradi ikalala Kongo nzima. Ugonjwa wenyewe hauna mkataba. Ndiyo maana tunauliza Leta: kile kilichowezekana Tunda kwa sababu ya utafiti, juu ya nini hakiwezi kuwa kazi ya kila siku ya hospitali zetu?

HUYU BINGWA ANAFANYA NINI KWELI?

Tunasikia watu wakisema: "Munganga ni munganga, atatibu." Wapendwa, hapana. Munganga wa hospitali zetu anapasua tumbo asubuhi, anazalisha mama saa sita, usiku anatibu malaria. Tunamheshimu sana. Lakini mlipuko unataka mtu ambaye kazi yake ni huo tu.

Kwanza, anasimama mlangoni. Anajua kutenganisha mpox, tetekuwanga, surua na upele wa kawaida, na akiwa na shaka anamtenga mgonjwa mbele ya kungoja maabara. Kama angekuwepo mtu huyo siku ile, binti wa miezi minane asingelala pembeni ya mdogo wetu.

Pili, anakaa kitandani. Mpox haiui kwa vipele tu. Mtoto ana malaria pamoja nayo, ana utapiamlo, vidonda vinaoza, macho yanaumia, hamezi chakula juu koo imejaa vidonda. Mtu mkubwa pengine ana virusi vya ukimwi na hajui. Bingwa anaona hayo yote pamoja. Anajua antibiotiki gani, kwa nani, siku ngapi, na nani hapaswi kupewa. Sisi wote tunajua namna antibiotiki zinavyouzwa kwetu kama karanga, na siku ya ugonjwa wa kweli hazifanyi kazi tena.

Tatu, analinda wenzake. Hospitali isiyojilinda inageuka kuwa nyumba ya ugonjwa. Hii nchi inaijua vizuri kuliko nchi yoyote. Yambuku, 1976, Ebola ilipita kwenye sindano za hospitali. Kikwit, 1995, ilipita kwenye chumba cha upasuaji: katika wagonjwa 315, karibu 80 walikuwa wafanyakazi wa afya. Aliyekwenda Kikwit akaelewa kwamba wanachokiona si kuhara kwa kawaida alikuwa Muyembe, mtu aliyekuwa ameiona Yambuku miaka 19 mbele. Macho yaliyokwisha kuona ndiyo yaliyotambua. Hilo peke yake lingetosha kumaliza ubishi.

Nne, anasema na watu. Anamweleza mama ugonjwa ni nini, utachukua siku ngapi, lini atamshika mtoto wake tena. Na kama mtoto amekufa, anamwambia amekufa na nini. Hilo nalo ni kazi ya munganga.

MAJIBU YA WAKUBWA, NA MAJIBU YETU

Wanasema: "Hata glavu hamna, munataka bingwa?" Tunajibu: tunataka vyote viwili. Glavu bila mtu wa kufundisha namna ya kuivaa na kuivua inabeba ugonjwa toka kitanda hiki mpaka kile. Na hospitali yenye bingwa ina mtu wa kupiga kelele glavu zikiisha, mtu ambaye wizara haiwezi kumwambia "weye hujui kitu".

Wanasema: "Chanjo imekuja." Ndiyo, dozi za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, na chanjo ilianza Goma tarehe 5 Oktoba. Tunashukuru. Lakini mgonjwa wa kwanza wa mpox duniani alionekana hapa Kongo, Basankusu, mwaka 1970. Alikuwa mtoto. Chanjo imechukua miaka 54 kufika katika nchi ya ugonjwa wenyewe, na iliruka baada ya ugonjwa kuvuka mipaka, na OMS kupiga kengele ya dunia tarehe 14 Agosti 2024. Sasa ule ambao utakuja kesho, utangoja tena miaka mingapi? Chanjo inazuia. Mtoto aliyekwisha kulala na homa anataka munganga.

Wanasema: "Mlipuko ukitokea, bingwa atatoka Kinshasa." Haya, tuangalie Bulape, huko Kasai, mwaka 2025. Mama mja mzito aliingia hospitalini tarehe 20 Agosti. Alikufa tarehe 25. Wizara ilitangaza Ebola tarehe 4 Septemba. Siku 15 toka alipoingia mlangoni. Siku ya kutangaza, watu 15 walikuwa wamekwisha kufa, na wanne kati yao ni wafanyakazi wa afya. Tunawapa heshima waliokimbilia Bulape, juu walizima moto ule. Lakini wale wanne walikufa mbele ya bingwa kufika. Na kutoka Kinshasa mpaka Kibombo kuna nini? Ndege mpaka Kindu, kama ipo. Kisha treni, na treni yetu tunaijua wote, inakuja ikitaka. Kisha pikipiki mpaka Tunda, na mvua ikinyesha unasukuma.

Mwisho wanasema: "Hakuna feza." Hapo ndugu zetu tunacheka, ingawa hasira imejaa. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika walijifunga kuweka asilimia 15 ya bajeti ya taifa kwenye afya. Robo karne imepita. Feza za mabango zipo. Feza za semina kwenye hoteli zipo, na kila anayekaa kwenye kiti analipwa. Feza za jeep zipo. Feza za mtu mmoja anayejua kutenga mgonjwa mlangoni ndizo zinapotea njiani.

Na ninyi waganga bingwa wenyewe, tunawaheshimu, lakini tutawaambia ukweli. Kuna wengi wanaoijua Maniema kwa namba za ripoti tu. Wanatoka mkutano huu wanaingia mwingine, na vijiji vyetu vinaonekana kwenye skrini kama madoa mekundu. Tunajua hamkimbii bure: nyumba hakuna, umeme hakuna, primu inakuja mwaka unaofuata au haiji. Wauguzi wangapi wa hapa wanafanya kazi bila namba ya Leta, wanaishi kwa kile mgonjwa maskini anacholipa? Basi simameni pamoja nasi mudai, kuliko kunyamaza mukiwa mbali.

SHERIA IKO NA SISI

Katiba, kifungu cha 47, inasema haki ya afya imehakikishwa. Haikusema imehakikishwa Gombe tu. Kifungu cha 204 kinaweka mikononi mwa jimbo kazi ya kupanga waganga na mipango ya kupigana na magonjwa ya milipuko, kwa kufuata mpango wa taifa. Kwa hiyo gavana asituambie "ni Kinshasa", na Kinshasa isituambie "ni jimbo". Mpira huo tumechoka kuuangalia. Na kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kuandika ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tutaitumia.

TUNADAI:

1. Munganga bingwa mmoja wa magonjwa ya kuambukiza akae Kindu, kwa kazi ya kudumu, na awe na wajibu wa kuzunguka katika zoni zote 18 za afya za Maniema. Mwingine awekwe kwa ajili ya zoni za Kibombo na Tunda, juu huku ndiko ugonjwa unakaa.

2. Wakati bingwa anangojewa, kila hospitali kuu iwe na munganga mmoja na wauguzi wawili waliofundishwa kazi hiyo kwa vitendo, kando ya wagonjwa. Wale waliopata ujuzi Tunda wawe walimu wa kwanza, na walipwe kama walimu.

3. Chumba cha kutenga wagonjwa katika kila hospitali kuu, chenye maji. Tunasema maji, hatusemi marumaru.

4. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu zitumike pia kupima mpox, na vifaa vyake vifike, ili majibu yarudi siku ambayo bado yana maana kwa mgonjwa.

5. Wauguzi na waganga wa zoni hizi wapewe namba ya Leta, mshahara, na primu ya hatari mbele ya mlipuko, si baada ya mazishi.

6. Vijana waliomaliza udaktari Kindu wapewe bursi ya kusomea ubingwa huu, kwa mkataba wa kurudi Maniema miaka mitano. Kati yetu kuna munganga kijana anayeendesha pikipiki ya kukodi. Anajua kupima mapigo ya moyo, na leo anapima petroli kwa chupa.

7. Wizara na INRB waje Kibombo kuwaeleza wananchi matokeo ya utafiti wa Tunda, kwa Kiswahili, katika uwanja ulio wazi. Ile miili iliyotoa jibu ni ya watu wetu. Hawastahili kulisikia kwa uvumi.

NA SISI WENYEWE JE?

Hatutajifanya wasafi. Wakati wa Covid, mwaka 2020, kuna wetu waliosambaza audio za WhatsApp zinazosema ugonjwa haupo. Wakati wa mpox kuna waliosema ni uchawi, wengine wakacheka picha za wagonjwa. Kila audio kama ile inamfanya mama mmoja abaki nyumbani na mtoto siku tatu zaidi. Tumeomba msamaha kati yetu, na tunauomba hapa mbele yenu.

Kwa hiyo na sisi tunajifunga. Tutapita kata kwa kata tukisoma tamko hili kwa sauti, juu si kila mtu ana megabaiti. Tutakusanya saini za ombi la kifungu cha 27, Kindu na Kibombo. Tutaliweka mezani kwa gavana na nakala kwa wabunge wetu, tutaandika tarehe, na tutahesabu miezi mitatu siku kwa siku. Isipojibiwa, tutarudi na watu wengi zaidi, mikono mitupu, bila jiwe, bila kuchoma gurudumu. Wanaopenda tuonekane wahuni hatutawapa zawadi hiyo.

Septemba 2025 OMS ilisema dharura ya dunia ya mpox imekwisha. Dunia imelala. Sisi tunaoishi kando ya msitu na reli ya zamani hatuna ruhusa ya kulala, juu ugonjwa haukuhama. Utarudi huu, au utakuja mwingine usio na jina bado. Siku hiyo, kwenye mlango wa hospitali ya Kibombo, tunataka awepo mtu anayejua.

Mama wa sokoni, tumekusikia. Hatuwezi kukurudishia binti. Tunachoweza ni kukataa kwamba mama mwingine aulize swali lako na akose jibu.

Saini. Sambaza. Kuja na mwenzako.

Maniema haiombi huruma, inadai haki yake!

Sisi vijana raia wa Kibombo na Kindu